Mtoto Ambaye Riek Hakuonyeshwa

Moyo wa Riek Rouwhorst ulisimama siku ya Jumatano, kwenye msiba wa mtu mwingine, akiwa na kisu cha keki mkononi.

Asubuhi ile tulikuwa tumemzika Dien Wopereis, na watu wote walikuwa wamerudi kwenye ukumbi wa parokia kunywa kahawa. Kwanza kahawa na kipande kimoja cha keki, kisha mikate laini yenye jibini na nyama. Kikombe cha pili kikimiminwa ndipo sauti zinaanza kupanda, watu wanaongea juu ya mahindi na mvua. Ya marehemu yamekwisha kusemwa na padri kanisani, hayarudiwi mezani. Riek alikuwa na miaka sabini na minane, na keki za misiba alikuwa akizikata yeye tangu kabla sijahamia kijijini, na mimi nina miaka ishirini na saba hapa. Vipande vyake vyote vilikuwa na unene mmoja. Alifika katikati ya keki ya nne, kisu kikaanguka, naye akakifuata.

Bennie, mtoto wa marehemu, ni mtu wa zimamoto wa kujitolea. Alivua koti lake jeusi akapiga magoti katikati ya makombo, akaanza kumkandamiza kifua huku anahesabu kwa sauti. Mtu mwingine akaleta ile mashine ya kushtua moyo inayoning'inia ukutani karibu na choo. Toon, mumewe Riek, alikuwa amesimama penye makoti ameshika kofia kwa mikono miwili. Hakusogea hata hatua moja. Nilimwona midomo inamcheza, nikadhani anasali, nami nikasali.

Zikapita dakika nne, labda tano. Mashine ikamshtua mara mbili. Riek akakohoa, akafungua macho, akacheka.

Alicheka kweli, kicheko cha msichana, watu wote walisikia.

"Bi Riek," Bennie akasema, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, "leo ni siku ya mama yangu. Wewe ungesubiri zamu yako."

Ukumbi mzima ukacheka na kulia kwa pamoja. Gari la wagonjwa likafika. Keki ya nne ilibaki vilevile, nusu imekatwa, hakuna aliyetaka kuigusa.

Mimi nilikuwa nikiwafanyia usafi Riek na Toon kila Jumanne na Ijumaa. Ijumaa ile nilimpelekea hospitali gauni la kulalia na miwani. Toon alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha wageni bila kuvua koti.

"Funga mlango," Riek akaniambia. "Na wewe Toon, tulia. Nataka msikie wote wawili."

Sauti yake ilikuwa dhaifu, mbavu mbili zimevunjika kwa ile kazi ya Bennie, lakini uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetoka kukomunika.

"Nilikuwa mlango wa nyuma wa nyumba ya mama yangu, ule wa jikoni. Kuna mwanamke amekaa kwenye kizingiti anakata maharage mabichi. Mtu mzima, hamsini na kitu, ana mikono mipana kama ya Toon. Nilimjua palepale. Akainua kichwa akaniambia, 'Mama, viatu.'"

"Viatu?" nikauliza.

"Nivue viatu! Nilikuwa nimekanyaga tope, na sakafu imepigwa deki. Mtoto sijapata kumwona, siku ya kwanza tunaonana, ananigombeza kwa viatu." Akacheka tena, akajishika mbavu. "Basi nikainama nifungue kamba, nikasikia Bennie anahesabu. Toon, ni msichana. Unasikia? Tulizaa msichana."

Toon akainuka.

"Naenda kutazama gari," akasema.

"Gari lina nini?"

"Nililiacha vibaya."

Hakurudi mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.

Lazima nieleze habari ya mtoto huyo, maana Riek mwenyewe alinieleza siku ileile, akiukodolea macho mlango aliotokea Toon. Alizaliwa Februari mwaka 1966, katika hospitali ya masista, amekwisha kufa. Riek alikuwa na miaka ishirini na mitano. Ilikuwa mimba ya kwanza, na ya pili haikuja kamwe. Masista walitandaza shuka mbele ya uso wake asione kitu, akasikia tu viatu vinatoka haraka na mlango unafungwa. Alipouliza ni wa kike au wa kiume, sista akampapasa mkono. "Wewe bado mdogo, utapata mwingine. Usijitese."

Hakuambiwa. Toon aliitwa kutoka shambani akakabidhiwa kisanduku. Wakati ule mtoto asiyebatizwa hakulazwa katika udongo uliobarikiwa. Baba alimpeleka mwenyewe, yeye na mtunza makaburi wakamzika nyuma ya ua wa miti, upande wa nje, hakuna padri, hakuna msalaba, hakuna jina. Riek alikaa hospitali siku kumi. Aliporudi, kitanda cha mtoto kilikuwa kimeondolewa na nepi zimerudishwa kwa dada yake.

Huku kwetu mwanamke akijifungua majirani humletea mkate wa zabibu, mrefu kuliko mtu, unabebwa juu ya ubao na watu wawili. Mkate wa Riek ulikuwa umekwisha kuagizwa. Majirani wakakaa kikao: tufanye nini? Wakaamua kwamba aliyejifungua amejifungua, mkate ni haki yake. Jumapili wakaja watu wanane, wamevaa vizuri, wakaulaza mezani, wakaukata, wakaupaka siagi, wakanywa kahawa na kuongea juu ya mbegu za viazi. Mtoto hakutajwa. Wakati wa kuondoka kila mmoja alimpa mkono: "Jikaze, Riek." Aliniambia alikula vipande vitatu, kwa kuwa hakujua kingine cha kufanya na kinywa chake. Toon alikuwa zizini. Hakula.

Tangu hapo, miaka hamsini na mitatu, wao wawili hawakuligusa jambo hilo hata siku moja.

Sasa Riek alitaka kuligusa, na hakumpata wa kuligusa naye. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, akaanza kujaribu mmoja mmoja. Daktari wa moyo alimsikiliza kwa adabu sana, kisha akamweleza kwamba ubongo ukikosa hewa hutengeneza picha, ni jambo la kawaida, asiogope. "Siogopi," Riek alimjibu. "Nani amekuambia naogopa?" Padri wetu ana makanisa sita, alikuja kumpa komunyo jikoni, akasikiliza akiwa amesimama, akasema tumwachie Mungu, akatazama saa. Wanawake wa kwaya walileta maua.

"Rangi imekurudia, Riek!"

"Nilikuwa nimekufa," Riek akasema.

"Na nywele umekata? Zimekukaa vizuri."

Dukani mmoja wao alimwona, akageuza kigari cha bidhaa akapotelea nyuma ya makopo ya biskuti. Riek alimwona anavyonyata. Alimwendea hata Bennie, maana alifikiri Bennie alikuwa karibu kuliko wote. Bennie akajikuna kichwa.

"Bi Riek, nisikudanganye. Mimi nilikuwa nahesabu tu, kukandamiza thelathini, kupuliza mara mbili, thelathini kwa mbili. Sikuona mtu."

Nyumbani alikuwepo Toon. Kila alipofungua kinywa, Toon alikumbuka kazi: kuku, mfereji wa paa, baiskeli iliyotoka upepo. Wakati mwingine nilikuwa napiga pasi na kuwasikia.

"Toon, unafikiri sasa hivi anafanya nini?"

"Nani?"

"Unajua nani."

"Kuku hawajala," Toon akasema, na kuku walikuwa wamekula mara mbili.

Riek akawa anakaa dirishani mikono mapajani. Aliniambia kwamba miaka yote alikuwa mpweke kwa kitu asichokijua, na hilo alilizoea. Sasa alikuwa mpweke kwa mtu anayemjua sauti, na hili hakujua alibebeje. Niliposali rozari naye, kwenye fungu la mwisho aliongeza kwa sauti ya chini, "na Hanneke." Jina amempa mwenyewe.

Asubuhi moja redioni wakatangaza sheria mpya: wazazi waliozaa mtoto mfu, hata kama ni zamani namna gani, sasa wanaweza kumwandikisha manispaa, awe mtoto wao kwenye daftari la serikali, na jina lake. Riek alizima redio palepale kana kwamba taarifa ingemtoroka. Nilimpigia simu karani kwa niaba yake. Karani akatuma fomu, akasema tuje Alhamisi, atakuwa amelitafuta daftari la vifo la mwaka ule, maana vizazi kama hivyo viliandikwa, hata kama mama hakuambiwa.

Riek aliijaza fomu kwa kalamu yake nzuri. Mama: Hendrika Maria, ndilo jina lake kamili. Baba: Antonius, yaani Toon. Mtoto: Hanneke. Akaisogeza mbele ya Toon.

"Yaache, Riek," Toon akasema.

"Niyaache yapi?"

"Yaache yakae yalivyo. Umekwisha kumwona. Karatasi ya nini?"

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuyasema juu ya jambo hilo, na Riek aliyasikia kama mlango unaofungwa. Hakumsihi tena. Alhamisi nilimwendesha mimi.

Karani alikuwa binti mwenye kipini puani, mpole, alituvutia viti mwenyewe. Alikuwa na nakala ya daftari kwenye jalada. Akaisoma fomu ya Riek, akalitazama daftari, akairudia fomu.

"Bi Rouwhorst," akasema taratibu, "kwenye daftari pameandikwa mtoto wa kiume."

"Umekosea ukurasa," Riek akasema.

"Tarehe kumi na nne Februari. Mzazi Rouwhorst. Jinsia, kiume." Akaigeuza karatasi ili Riek aone. "Na hii ni sahihi ya aliyeleta taarifa."

Nilimwona Riek akiinama. Alivua miwani, akaifuta kwa skafu, akaivaa tena. Chini ya mwandiko wa karani wa zamani palikuwa na jina: Antonius Rouwhorst, mkulima, miaka ishirini na saba. Sahihi ilikuwa ileile ninayoiona kwenye kadi za Krismasi, yenye mkia mrefu.

Binti wa ofisi akampa maji, akatupa fomu nyingine safi tukajaze nyumbani bila haraka. Tulikuwa tunaingia kijijini Riek aliponigeukia garini.

"Kwa hiyo hayupo," akasema.

Sikujua anamsema nani.

Toon alikuwa mezani jikoni anamenya viazi kwa ajili ya mchana. Nikataka kurudi garini, lakini Riek akanishika mkono. "Kaa," akasema. "Nimechoka kusikia mambo peke yangu." Nikakaa karibu na jiko, nikatazama chini.

"Ulijua," akamwambia Toon.

Toon aliendelea kumenya kile kiazi mpaka mwisho. Akakitumbukiza kwenye maji.

"Nilijua."

"Jina lako lipo pale. Na ule mkia wako."

"Lipo."

"Miaka hamsini na mitatu, Toon."

"Sista alinikataza. Alisema ukijua utampa sura, na ukimpa sura hutapona." Alisema hivyo huku anatazama ndoo ya maganda. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sista amesema, mimi ni nani?"

"Na mwaka huu? Sista amekwisha kuoza. Mwaka huu nani alikukataza?"

Toon akaweka kisu chini. Mikono yake ilikuwa imelowa, akaifuta kwenye suruali, jambo ambalo Riek hamruhusu, na safari hii hakumgombeza.

"Mwaka huu ulicheka," akasema.

Riek akamtazama.

"Ulikuwa umelala pale chini na makombo ya keki kwenye nywele. Nilijua umekwenda. Nilikuwa nimeanza kusema buriani. Halafu ukarudi unacheka. Riek, sijakusikia ukicheka hivyo tangu kabla ya yale. Nilikuwa nimesahau unavyocheka. Halafu hospitali unaniambia ni msichana, anakugombeza kwa viatu." Akakohoa, akakisogeza kisu kando. "Ningekwambia nini? Nikunyang'anye?"

Maji ya viazi yalikuwa yametulia kabisa kwenye sufuria.

"Na gari?" Riek akauliza.

"Gari lilikuwa sawa."

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka, na nilitaka kulia. Riek hakufanya lolote kati ya hayo. Akavuta kiti akakaa upande wa pili wa meza, koti bado mwilini.

"Ulimwona?"

"Kisanduku kilikuwa na misumari minne. Mtunza makaburi alipokwenda kuchukua sepetu, niling'oa miwili."

"Alikuwa na nywele?"

"Nyeusi. Nyingi." Toon akainua kidole akajigusa juu ya pua. "Na hapa alikuwa amekunja, kama mtu aliyekasirishwa na jua."

"Kama baba yako."

"Kama baba yangu. Nikamwita Wim. Nilipokuwa nafukia. Hakuna aliyesikia, yule mzee alikuwa kiziwi."

Riek akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, paji la uso limekaza, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Simwoni, Toon," akasema mwishowe. "Nakuamini, lakini simwoni. Namwona yule mwingine tu."

"Najua," Toon akasema. "Mimi namwona huyu tu. Kila siku ya Mungu. Yule wako nimejaribu, tangu hospitali nimejaribu. Simwoni."

Nimemwuliza Mungu mara nyingi yule mwanamke kwenye kizingiti ni nani, aliyemwita Riek mama na kujali sakafu. Sijajibiwa, na sijawahi kumdanganya Riek kwamba najua. Siku chache baadaye aliniambia kwamba kwa saa moja ile ofisini alipata mtoto na kufiwa na mtoto, na kwamba msiba huu wa pili hana hata mtu wa kumletea maua, maana atawaambia amefiwa na nani?

Ile fomu safi waliijaza pamoja Ijumaa. Riek aliandika, Toon alitaja. Wim Rouwhorst. Toon alitaka mkia wa sahihi yake uwe mfupi, asichafue karatasi, akashindwa, ukatoka mrefu kama kawaida.

Ile ya kwanza, yenye jina la Hanneke, nilikuwa nimeiona mezani nikadhani itatupwa, nikauliza kama niitie kwenye moto. Riek akaichukua kutoka mkononi mwangu. Katika kabati la sebuleni ana sanduku la kadi za marehemu, zile zinazogawiwa kanisani siku ya mazishi zenye picha na sala. Watu wake wote wamo humo, kuanzia bibi yake. Aliikunja fomu mara nne ipate kuenea, akaipenyeza baada ya kadi ya Dien, ambayo ilikuwa mpya kuliko zote. Akafunga kifuniko, akaweka mkono juu yake, akamwombea Hanneke kwa sauti, kwa jina lake.

Toon alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kuku. Akaishusha chini, akavua kofia, akaitikia amina.